Siku Niliyoondoka na Umati wa Mjomba

Bariadi mjini, karibu na stendi, kuna mama lishe wawili wanaopika chini ya paa moja la bati. Mchele wananunua gunia moja wanagawana, samaki wao wanaletwa na mchuuzi yule yule kutoka Kalemela, na nina hakika hata chumvi wanaazimana. Mmoja hujaza watu hadi wengine wanakula wamesimama. Mwenzake hukaa anafukuza nzi. Kwa miaka miwili nilipanga foleni kwa yule wa kwanza, njaa ikiniuma, huku nikimtazama yule wa pili kwa huruma kidogo na dharau kidogo, nikijiambia kwamba lazima chakula chake kina kasoro. Siku moja mvua ikanilazimisha kuingia kwake. Ladha ni ile ile. Kesho yake nilirudi kwenye foleni.

Nasimulia hili mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia. Chuo kikuu nilisoma saikolojia, na sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya jinsi watu wanavyoamua mambo na jinsi akili inavyotupiga chenga wakati tunadhani tunafikiri. Sasa naendesha semina za vikundi vya wakulima. Nasimama mbele ya watu wazima waliolima pamba tangu sijazaliwa, nawaeleza kwamba mtu akiona majirani wote wanapanda choroko, naye atapanda choroko bila kuuliza shamba lake linataka nini. Wanacheka, wanapiga makofi, wakati mwingine naondoka na kuku. Mwaka juzi nilikodi ekari mbili. Nilipanda choroko, kwa sababu kila mtu alikuwa anapanda choroko, na sitaki kuulizwa nilivuna nini.

Mjomba wangu, kaka yake mama, hajawahi kuhudhuria semina yangu hata moja. Anaishi Ngulyati, ameshapita miaka sitini, ana shamba la pamba, ana ng'ombe ambao anawajua kwa rangi na kwa tabia, na alikuwa na kikundi cha ngoma ya bugobogobo. Katika kikundi hicho yeye ndiye alikuwa ningi, yaani mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa wachezaji. Bugobogobo ni ngoma ya majembe. Ilizaliwa mashambani, watu wakilima kwa pamoja huku ngoma ikiwapa mwendo, na hadi leo wachezaji huingia uwanjani na majembe, wanayarusha hewani, wanayazungusha, wanayadaka nyuma ya mgongo. Mjomba alikuwa analirusha lake juu sana, halafu anageuka kumsalimia mtu fulani kwenye duara, anamuuliza habari za nyumbani na za mifugo, kama vile jembe amelisahau. Likishuka, mkono upo. Nimeliona jambo hilo tangu nikiwa mdogo na kila mara nilishika kichwa.

Pamba ikishauzwa, kati ya mwezi wa sita na wa nane, msimu wa mashindano unaanza. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vinapiga kwa wakati mmoja alasiri nzima. Hakuna kadi za alama wala majaji kwenye viti. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka na kuhama wanapotaka. Jua likigusa miti ya mbali, wazee wachache waliochaguliwa na pande zote mbili wanautazama uwanja na kujiuliza swali moja tu: watu wako wapi? Walipo watu wengi, huko ndiko kwenye ushindi, na hakuna wa kukata rufaa.

Kwa mtu aliyesoma nilichosoma mimi, huo uwanja ni kitabu kizima. Fikiria mtu anayefika saa kumi na moja akitokea sokoni. Hajasikia wimbo hata mmoja. Anaona duara kubwa huku na duara dogo kule. Anakwenda wapi? Anakwenda kwenye kubwa, kwa sababu anaamini watu wote wale hawawezi kuwa wamekosea. Anayefika baada yake anaona duara limeongezeka mtu mmoja, naye anakwenda huko huko. Kumbe nusu yao walifika kwa kufuata migongo ya wenzao. Nilikuwa nalisema hili kwenye semina huku nikitabasamu, na nadhani tabasamu lenyewe lilikuwa la kuudhi.

Mjomba alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo na kikundi kimoja cha vijana kutoka Mkula. Vijana wale walikuwa na jenereta, spika mbili kubwa na sare za rangi ya machungwa. Mjomba alikuwa na sauti yake. Msimu wa tatu ulipokaribia, aliwaita wachezaji wake wote nyumbani, akawaambia kwamba watu wakimkimbia tena, ataacha uongozi siku hiyo hiyo, uwanjani, mbele ya kila mtu. Hakutaka kuwa mzee anayeng'ang'ania huku vijana wake wakichekwa. Mimi nilipopata habari hizo nilikasirika. Tangu mke wake afariki, ngoma ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinamtoa nje ya nyumba. Kuna siku nilimkuta amekaa kitandani saa nne asubuhi, viatu mkononi, hajavivaa, na sababu pekee iliyomfanya avivae ni kwamba mpiga ngoma wake alipita kumwambia ngozi ya ngoma kubwa imelegea.

Nikaenda kumwona. Salamu kwa mjomba hazirukwi, na ni za Kisukuma.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka, mpwa wangu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Tukaulizana ng'ombe, mvua, mama, magoti ya mama. Ndipo akaniuliza, "Wewe si umesomea akili za watu? Hebu niambie, kwa nini wananiacha?"

Nikamweleza habari ya migongo. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kuna mtaalamu mmoja huko mbali ana dawa ya mvuto, mtu akiikanyaga haondoki uwanjani. Mjomba ni mtu wa kanisa, lakini mambo ya ngoma aliyaweka kwenye chumba kingine cha roho yake.

"Mjomba," nikamwambia, "dawa ya mvuto ninayo mimi. Ni watu. Nikikuletea watu thelathini wakasimama kwako mapema, kabla wengine hawajafika, hao wengine watakuja wenyewe."

"Utawatoa wapi?"

"Kwenye kwaya."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka saba bila mshahara wala shukrani. Waimbaji ni thelathini na wawili, na kama kuna kitu kimoja nilichofanikiwa kuwafundisha watu wale, ni kunitazama. Besi zetu si nzuri sana na kuna dada mmoja wa sauti ya pili anayeimba sauti anayotaka. Ila macho yao hayatoki kwangu. Nikiinua kidole wanapumua. Nikiinama kuokota kalamu kuna wanaoinama.

Kuwashawishi hakukuwa rahisi. Mmoja alitaka kujua kama ni dhambi. Mwingine alitaka kujua kama kutakuwa na soda. Nikawaambia tunakwenda kumsindikiza mjomba wangu, mtunzi mwenzetu, na kwamba majembe hayana dhehebu. Siku yenyewe tulipanda fuso moja kutoka mjini, tumevaa nguo za kawaida, na saa tisa kamili alasiri tukasimama kwa mjomba tukiwa duara la watu thelathini na watatu mbele ya wachezaji kumi na wanane. Upande wa pili jenereta lilikuwa bado linavutwa kamba, linakohoa, linazima.

Ilifanya kazi. Nakuambia ilifanya kazi kiasi kwamba niliona aibu kidogo kwa niaba ya wanadamu. Waliofika saa tisa na nusu walitutazama, wakatazama kule, wakaja kwetu. Waliofika saa kumi hawakutazama hata kule. Akina mama waliokuwa wanauza karanga upande wa spika walibeba mabeseni yao wakahamia kwetu, na mtu akiona wauza karanga wamehama anajua mambo yamehama. Nilisimama pale nimekunja mikono, nikijisikia fundi. Nilijipongeza kwa sauti ya chini.

Halafu, katikati ya kujipongeza, nikaanza kumsikia mjomba. Na hapa lazima niwe mkweli, maana muda wote nilikuwa nashughulika na umati hata sikuwa nimeisikiliza ngoma. Aliimba wimbo mpya wa mtu aliyenunua simu kubwa ya gharama, akaiweka mfukoni, akatembea kijiji kizima akitafuta mtu wa kumpigia, mpaka akampigia ng'ombe wake, na ng'ombe hakupokea. Watu walikufa kwa kicheko. Kisha aliipunguza ngoma taratibu, akaimba ubeti wa mwisho peke yake, mtu yule amekaa nyumbani anaitazama namba ya marehemu mkewe ambayo hajaifuta. Bibi mmoja mbele yangu alivuta upindo wa kitenge chake akajifuta uso. Mimi mwenyewe nililia, sikujificha. Nilijua mjomba hakuhitaji kwaya yangu. Angewapata watu wale kwa wimbo ule tu, mmoja mmoja, na wangebaki.

Ngoma ikapanda tena. Jua lilikuwa limebakiza kama kiganja kimoja kufika kwenye miti. Mjomba akaingia katikati na jembe lake, na nikajua anataka kulirusha.

Wakati huo huo kukatokea kishindo upande wa pili, karibu na barabara, na kelele. Vumbi likapanda. Nikaona watu wa kule wanakimbia kuelekea barabarani. Vichwa viwili vitatu kwenye duara letu vikageuka. Sauti nyuma yangu ikasema, "Wametoa chatu hao!" Kuna vikundi vinavyocheza na chatu, hilo linajulikana, lakini vijana wa Mkula hawajawahi kuwa na chatu, na hilo nalo nililijua. Nilijua pia kwamba mjomba alikuwa anajiandaa kurusha jembe, kitu ambacho sijawahi kukikosa maishani mwangu.

Nikajiambia naangalia mara moja tu, narudi.

Sikuchagua kwenda, kama kuchagua ni kukaa na kupima. Miguu ilikuwa imeshaanza. Nikapenya kati ya watu wawili, nikatoka nje ya duara, nikatembea haraka, na hatua zikageuka mbio kabla sijajua. Nilipofika kama hatua ishirini nikasikia miguu nyuma yangu. Nikageuka. Sauti ya kwanza yote ilikuwa nyuma yangu. Nyuma yao sauti ya pili, na yule dada anayeimba anachotaka akiwa mbele ya wenzake. Besi walikuwa wanakuja wamekamata kofia. Na nyuma ya kwaya, kwa sababu watu thelathini wakitoka kwenye duara kwa mkupuo linabaki pengo ambalo kila mtu analiona, walikuwa wanakuja wengine wote, na wauza karanga na mabeseni yao.

Nilipaza sauti, "Rudini!" Nilipaza huku nakimbia bado kuelekea kule. Hakuna aliyenielewa, na mimi nisingejielewa.

Kule hakukuwa na chatu. Bodaboda mmoja alikuwa ameteleza kwenye mchanga na kreti ya soda. Alikuwa amesimama mzima anajipukuta magoti, chupa zimetapakaa, na watu kama mia mbili wamemzunguka wakiulizana, "Kuna nini? Kuna nini?" Kila aliyefika alimuuliza aliyemtangulia, na aliyemtangulia alinyoosha shingo. Vijana wa Mkula si wajinga. Waliona Mungu amewaletea watu, wakaburuta spika zao mpaka pale pale, wakaanza kupiga. Nikajaribu kurudi. Umati ule niliouleta mwenyewe ulinibana kila upande, na kila niliyemsukuma alidhani nataka nafasi ya mbele.

Nikiwa nimebanwa hivyo nikasikia ngoma yetu imenyamaza. Jua lilikuwa bado halijagusa miti. Nikadhani wapigaji nao wamekimbilia huku.

Wazee walitazama uwanja, na hawakuhitaji muda mrefu. Mjomba alipita katikati ya watu, akawapa mkono vijana wa Mkula, kisha akawaita wachezaji wake, akatamka mbele ya wote kwamba tangu siku hiyo ningi ni yule kijana aliyekuwa akimwitikia nyimbo. Aliongea vizuri, akatania, watu wakacheka. Mimi nilijificha nyuma ya fuso. Kwaya walirudi mjini wakiwa na furaha sana, wanaimba wimbo wa simu, na mmoja aliniuliza msimu ujao tunakuja tena saa ngapi.

Sikwenda kwa mjomba kesho yake, wala kesho kutwa. Sababu nilikuwa nazo nyingi na zote zilikuwa nzuri. Nilijiambia angeshindwa tu, maana bodaboda angeanguka hata bila mimi. Nilijiambia vichwa vilikuwa vimeshaanza kugeuka. Nilijiambia mzee anahitaji kupumzika, na magoti je, na umri ule. Haya ni mambo ninayoyafundisha. Kuna saa nzima kwenye semina yangu inayohusu jinsi mtu anavyojitengenezea sababu baada ya kitendo, na watu huwa wanaipenda saa ile kuliko zote. Siku ya nne nilishindwa kula. Nikakodi pikipiki nikaenda Ngulyati.

Nilimkuta shambani anang'oa masalia ya pamba. Ni lazima yang'olewe na kuchomwa kila mwaka baada ya mavuno, wadudu wasibaki, na yeye huwa wa kwanza kijiji kizima. Mwaka huu alikuwa amechelewa. Alikuwa amefika mistari mitatu tu na jua lilikuwa limeshakuwa kali.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Akaniuliza magoti ya mama. Nikaingia kwenye mstari uliofuata nikaanza kung'oa naye. Mashina yalikuwa makavu, yananikata viganja, na nilifurahi kwamba yananikata. Nikang'oa kumi, ishirini, ndipo nikasema.

"Mjomba, wale watu walikufuata wewe vizuri kabisa. Ni mimi niliyewaondoa. Niliondoka, kwaya wakanifuata, wengine wakawafuata."

"Nilikuona," akasema.

Hakuacha kung'oa. "Nilikuwa nimeinua jembe nilirushe. Nikakuona unatoka. Hao wengine sikuwajali, mpwa wangu. Watu wa ngoma wanakwenda, wanarudi, nimewazoea miaka yote hii, ukiendelea kupiga wanarudi. Lakini wewe mtoto wa dada yangu, umesoma mambo haya, hujawahi kuniacha uwanjani tangu unabebwa mgongoni. Nikasema, kama huyu naye ameondoka, basi nilichokuwa nacho kimekwisha na mimi ndiye sijaambiwa. Nikawapa ishara wasimamishe ngoma."

"Ni wewe uliyesimamisha?"

"Ni mimi. Vijana walitaka kuendelea."

Nilikaa chini pale pale kwenye mstari. Nilimwambia haikuwa hivyo. Nilimwambia nililia kwenye wimbo wa simu, kwamba bibi mmoja mbele yangu alilia, kwamba sijawahi kumsikia akiimba vile tangu nizaliwe. Nilimwambia niliondoka kwa sababu nilisikia kelele, na kwa sababu watu walikuwa wanakimbia, na hakuna sababu nyingine hata moja.

Mjomba akanyoosha mgongo. "Kwani kule kulikuwa na nini?"

"Bodaboda alianguka na soda."

"Ameumia?"

"Hakuumia."

Mjomba akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kushika ubavu, nami nikacheka kwa sababu yeye anacheka, tukacheka mpaka ng'ombe aliyekuwa karibu akasogea mbali. Halafu yeye akanyamaza kabla yangu. Akatazama viganja vyake, akavipukuta.

"Kwa hiyo siku ile bado nilikuwa najua kucheza," akasema.

Nilimwambia ndiyo, mjomba. Nilikuwa nimechelewa siku nne kumwambia.